Kashene Gani Inakubaliwa Ndani ya Ndege?



Wengi wenu munakumbuka mwaka 2020. Hapa kwetu mashariki ya Congo tulikuwa tungali tunapigana na Ebola, na mbele haijaisha tukasikia ugonjwa mwingine, Corona. Mugonjwa wa kwanza wa Corona katika inchi yetu alitangazwa Kinshasa tarehe 10 mwezi wa tatu 2020. Kesho yake Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, likasema kwamba ugonjwa huu umekuwa wa dunia nzima. Shule zikafungwa, makanisa yakafungwa, ndege zikasimama. Tena tukajifunza neno moja ambalo sasa hata watoto wadogo wanalijua: kashene.

Hapa kwenye kiliniki tulishona kashene nyingi za kitenge. Mimi mwenyewe niliwaonyesha: mikunjo mitatu ya kitambaa, lastiki mbili, kufua kila siku na sabuni, kuanika kwenye jua, kupiga pasi. Wamama wa kanisa walishona mupaka vyerehani vikalala usiku wa manane.

Ndege za abiria zilianza tena tarehe 15 mwezi wa nane 2020. Mwaka uliofuata mama mumoja wa hapa alisafiri na mutoto wake wa miaka minne. Mutoto alikuwa na ugonjwa wa moyo wa kuzaliwa. Akilia, midomo inageuka buluu. Hospitali moja ya Ulaya ilikubali kumupasua. Safari ile ilitafutwa miaka miwili. Mama alijitayarisha vizuri: pasipoti, karte ya chanjo, karatasi ya tesiti ya Corona, nguo za baridi. Usoni alivaa kashene ya kitenge, safi, yenye pasi, ile niliyomufundisha kushona.

Kwenye mulango wa ndege ya pili, mutumishi alimuangalia, akatikisa kichwa, akamuonyesha picha iliyobandikwa ukutani. Ya kitambaa hapana. Mama hakusikia luga. Watu nyuma yake walianza kumupita. Saa ilikuwa inaenda. Mwisho, bibi mumoja muzungu aliyekuwa kwenye mustari alifungua mufuko wake, akamupa kashene mbili za buluu za hospitali. Njo wakamuacha apite.

“Mama muganga,” aliniambia aliporudi, “niliwaza wananikatalia mutoto. Kumbe ni ile kashene. Ile uliyonifundisha.”

Neno hilo lilinichoma. Sikumufundisha uongo. Kashene ya kitenge ilikuwa nzuri kwa soko letu na kwa kanisa letu. Lakini sikumuambia kwamba ndani ya ndege iko sheria ingine, wala sababu ya sheria hiyo. Ndiyo maana naandika karatasi hii. Siku hizi kampani nyingi za ndege hazidai tena kashene, hiyo ninajua. Lakini ugonjwa wa pumzi unaweza kurudi na jina lingine, na siku ikirudi, sheria zitarudi pia.

Pumzi si kama mukono

Wakati wa Ebola tuliwafundisha: usiguse mugonjwa, usiguse maiti, nawa mikono. Ilikuwa haki, kwa sababu Ebola inapita katika damu, matapishi na maji ingine ya mwili. Corona inapita zaidi katika pumzi. Asubui ya baridi, kule juu kwenye milima, munaona moshi mweupe unatoka kinywani mutoto akisema. Ule moshi ni maji madogo sana. Kila mutu anayatoa siku yote, hata muchana wakati hatuyaoni. Matone makubwa yanaanguka chini upesi karibu na mutu. Yale madogo sana yanabaki katika hewa, kama moshi wa jikoni, na yanaweza kukaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Mikrobi inapanda juu ya yote mawili.

Si jambo jipya. Watu wa Ituri wanajua tauni. Iko tauni ya tezi, na iko tauni ya mapafu ambayo inapita kwa kikohozi. Mwaka 1910 na 1911 tauni ya mapafu iliua watu maelfu na maelfu katika inchi ya Manchuria, kaskazini ya China. Muganga mumoja kijana, Wu Lien-teh, alisema: ugonjwa huu unapita katika pumzi, kila mutu afunike pua na kinywa kwa pamba na kitambaa chepesi cha vidonda. Muganga mwingine kutoka Ufaransa, Mesny, mwenye umri na sifa kumupita, hakukubali. Aliingia kwa wagonjwa bila kufunika uso. Siku chache tu akafa. Ninawaambia wanafunzi wangu habari hii kila mwaka, zaidi wale wanaojisikia wakubwa.

Sasa ndege. Ndani ya ndege kubwa watu wanakaa bega kwa bega saa nyingi. Lakini hewa yake si mbaya kama munavyowaza. Mashine inavuta hewa na kuipitisha katika chujio kali sana, na hewa yote inabadilika kama mara 20 mupaka 30 kwa saa moja. Nyumba zetu haziko hivyo. Shida ni mbili. Ndege ikisimama chini na mashine imezimwa, hewa haibadiliki vizuri. Na jirani yako anakohoa karibu kabisa na wewe, pumzi yake inakufikia mbele chujio haijaivuta.

Tarehe 1 mwezi wa tatu 2020 ndege moja iliondoka London kwenda Hanoi, mji mukubwa wa Vietnam. Safari ya karibu saa kumi. Wakati ule kashene haikuwa sheria. Mwanamuke mumoja katika chumba cha mbele alikuwa na kikohozi na maumivu ya koo. Nyuma yake, watu 15 wa ndege ile walikutwa na Corona, na 12 kati yao walikaa katika chumba kilekile cha mbele. Basi munaona namna chujio la mashine peke yake halitoshi.

Ndege ndogo za misioni, zile zinazotua kwenye viwanja vyetu vya majani, hazina chujio la namna hiyo. Huko kashene ina kazi kubwa zaidi.

Tazama kashene yenyewe

Kila kashene ina njia mbili ambazo pumzi inaweza kupita: katikati ya kitambaa, na pembeni. Ukijua hili, utafahamu sheria karibu zote za ndege.

Kitambaa cha kitenge kimefumwa. Nyuzi zinapishana na kati yake kuna matundu. Shika kitenge chepesi mbele ya jua, utayaona. Ukivaa kashene yako na unaweza kuzima mushumaa kwa kupuliza, kitambaa chake ni chepesi mno. Mikunjo mitatu inasaidia. OMS iliandika katika mwezi wa sita 2020 kwamba kashene ya kitambaa iwe na sehemu tatu: ya ndani ya pamba inayonyonya mate, ya katikati ya kuchuja, na ya inje isiyonywa maji. Lakini kila fundi anashona yake. Mumoja anaweka mikunjo mitatu, mwingine mumoja tu na maua mazuri juu. Mutumishi wa ndege hawezi kupima kashene ya kila musafiri kwa mushumaa! Hiyo ni sababu moja kubwa kitambaa kilikataliwa.

Kashene ya hospitali, ile ya buluu inje na nyeupe ndani, haikufumwa. Ina sehemu tatu, na ya katikati ndiyo yenye kazi. Ni plastiki iliyoyeyushwa na kupulizwa mupaka ikawa nyuzi nyembamba sana kupita unywele, zimelaliana bila mupango kama majani makavu. Tena nyuzi zile zimewekewa nguvu kidogo ya umeme. Sugua chanuo cha plastiki kwenye nguo kavu, kisha ukikaribishe kwa vipande vidogo vya karatasi: vinaruka na kushikamana. Mikrobi zinashikwa vivyo hivyo ndani ya kashene.

Hapa ninawaomba, wamama, musikie vizuri, kwa sababu najua mikono yenu. Usifue kashene ya hospitali. Sabuni inaondoa ile nguvu ya umeme. Nimeona kashene za buluu zimeanikwa kwenye kamba pamoja na nepi za mutoto, safi kabisa, na hazifai kitu tena. Kitenge unafua, ya buluu unatupa. Ile iliyookotwa chini na kuuzwa tena barabarani, usinunue hata kwa bei ndogo.

Kashene ya buluu inazuia mate ya anayeivaa yasiruke. Lakini pembeni, karibu na mashavu, hewa inapita. Ndiyo sababu iko namna ya tatu, ngumu kidogo, inayobana uso pande zote. Wengine wanaiita mudomo wa bata. Ya Ulaya imeandikwa FFP2, nayo inapaswa kuzuia angalau 94 kwa mia ya vumbi ndogo sana. Ya Marekani imeandikwa N95, ya China KN95. Hizi zinapaswa kuzuia 95 kwa mia. Musihangaike na tofauti ya 94 na 95. Kazi yake inaonekana kwenye chumba cha kifua kikuu: mugonjwa anavaa ya buluu ili mate yake yasitoke, infirmie anavaa mudomo wa bata ili asivute pumzi ya mugonjwa. Kila mumoja na yake.

Zile za uongo zilikuwa nyingi, na hata leo ziko. N95 ya kweli imeandikwa NIOSH juu yake, na lastiki zake mbili zinazunguka kichwa. Ukiona imeandikwa N95 na lastiki zinashika kwenye masikio, wasiwasi. FFP2 ya kweli ina alama CE na tarakimu nne karibu yake.

Sheria za ndege zilikuwaje?

Hazikuwa moja. Kampani ya Lufthansa ya Ujerumani, kuanzia tarehe 1 mwezi wa pili 2021, ilikataa kitambaa katika safari za kwenda na kutoka Ujerumani. Ilikubali ya hospitali, FFP2, N95 na KN95. Finnair ya Finlandi ilikataa kitambaa tangu tarehe 16 mwezi wa nane 2021. Lakini Marekani, mwezi uleule wa pili 2021, serikali iliagiza kila musafiri avae kashene, na ya kitambaa ilikubaliwa kama ina mikunjo miwili au zaidi na inafunika pua, kinywa na kidevu. Basi mama yetu angekubaliwa na kitenge chake kwenda Marekani, na kukataliwa kwenda Ujerumani. Wengine walisema ni ubaguzi wa kitenge. Hapana. Hata kitambaa cha hariri cha muzungu kilikataliwa.

Kuna namna zilizokataliwa pande zote mbili. Kitambaa cha kichwa kilichofungwa kinywani, hapana. Kioo cha plastiki mbele ya uso, peke yake, hapana, kwa sababu pumzi inapita chini na pembeni bila kizuizi. Na ile kashene yenye kifuniko kidogo cha duara mbele, kama kifungo kikubwa cha plastiki. Hii iliwashangaza wengi, kwa sababu ni ya bei na inaonekana ya nguvu. Kifuniko kile ni mulango. Ukivuta pumzi kinafunga, ukitoa pumzi kinafunguka. Inakulinda wewe, lakini pumzi yako inatoka kwa jirani bila kuchujwa. Ni nzuri kwa mutu anayepasua mawe, juu ya vumbi. Kwa ndege haikukubaliwa.

Marekani iliacha kudai kashene tarehe 18 mwezi wa ine 2022, nyuma ya hukumu ya tribinali. Ulaya, wakubwa wa ndege walisema tangu tarehe 16 mwezi wa tano 2022 si lazima tena wasafiri wote wavae, ingawa inchi zingine, kama Ujerumani, ziliendelea kidogo. Tarehe 5 mwezi wa tano 2023 OMS ilitangaza mwisho wa ile hali ya hatari ya Corona.

Watoto

Mutoto chini ya miaka miwili asivalishwe kashene, hata siku moja, hata kama ndege inatikisika kwa kikohozi. Hawezi kuivua mwenyewe akikosa pumzi. Usimufunike uso na kitenge pia ukifikiri ni kitu kimoja.

OMS na UNICEF walisema katika mwezi wa nane 2020 kwamba watoto wa miaka mitano na chini wasilazimishwe. Lakini kwenye ndege, Lufthansa iliacha walio chini ya miaka sita, na Marekani ilidai kuanzia miaka miwili. Munaona mutoto mumoja anaweza kuwa huru asubui na kulazimishwa mangaribi.

Ilitokea kwa mutoto yule wa moyo. Ndege ya kwanza walimuacha. Ndege ya pili mutumishi alitaka kumuvalisha, mutoto akalia, midomo ikageuka buluu, na mama hakuwa na luga ya kueleza. Mutumishi mwingine mwenye umri alikuja, akaona midomo ile, akasema basi. Mutoto mwenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu anapaswa kuwa na barua ya muganga, katika luga inayosomwa kwenye safari ile, na kampani zingine zinataka karatasi yao wenyewe ijazwe mbele ya safari. Barua ile ingekuwa mistari mitano. Sikuiandika.

Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha ndani ya ndege. Avae kashene yake na amupe mutoto ziwa. Hata mama mwenye Corona, OMS haikumukataza kunyonyesha.

Ukiwa na safari

Kama sheria ya kashene inarudi, uliza kampani yako wenyewe, na kama unabadilisha ndege, uliza ya pili pia. Usishike neno la jirani aliyesafiri mwaka jana. Kama huna wa kumuuliza, chukua ile ya hospitali au ya mudomo wa bata isiyo na kifuniko. Hizo sikuona zikikataliwa mahali popote nilipotaja.

Chukua zaidi ya moja. Ikilowa mate au jasho, haichuji vizuri, unabadilisha. Safari ya saa nane, na kungoja kwenye viwanja, beba tatu au ine. Ziweke katika mufuko safi, kwenye muzigo wa mukononi. Sanduku kubwa linaenda chini ya ndege, hutaliona mupaka mwisho. Rangi ya buluu inje, ule waya mudogo juu ya pua, uubane kwa vidole. Vuta chini mupaka ifunike kidevu. Ukivua, shika lastiki, si mbele. Ukila, kula, kisha vaa tena. Usiiweke juu ya meza ya chakula. Mudomo wa bata ukivaa, weka mikono pande zote na upulize: ukisikia upepo kwenye mashavu, haijabana. Wababa wenye ndevu nyingi hewa inawapitia hapo, wachague ndevu au FFP2.

Na kama una kikohozi cha wiki mbili au zaidi, usifiche chini ya kashene. Kuja upimwe makohozi kwanza. Mutu mwenye kifua kikuu kinachoambukiza asipande ndege, hata akivaa kashene tatu, na bileti iliyolipwa tayari si sababu.

Mutoto wa moyo alipasuliwa na akapona. Mwanzo wa mwaka 2022 walimuita tena Ulaya ili wamupime. Mama yake alipita kwangu siku mbili mbele ya safari. Tulikaa naye kwenye chumba cha kupimia watoto, tukasoma pamoja karatasi za ndege zote mbili. Nilimupa kashene tano za buluu na barua ya muganga katika Kifaransa na Kiingereza. Ile ya kitenge aliivaa kwenye gari mupaka uwanja wa ndege, kisha akaikunja na kuiweka ndani ya mufuko.